Ziwa Victoria liliwahi kukauka kabla ya magari: je, na joto la leo ni la asili?

Swali: "Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Musoma. Tulipofika mada ya mabadiliko ya tabianchi, kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akauliza: kama Ziwa Victoria liliwahi kukauka, na Sahara iliwahi kuwa na mamba, wakati hakuna gari wala kiwanda duniani, kwa nini leo analaumiwa binadamu? Tena nani alikuwepo wakati huo akaandika? Darasa zima lilimpigia makofi. Naomba jibu ninaloweza kurudi nalo darasani. Na mimi mwenyewe nina la kuongeza: ziwa hili linaweza kukauka tena?"

Jibu: Mwalimu, anza kwa kumwambia kijana huyo, mbele ya wenzake, kwamba yote mawili aliyosema ni kweli. Ziwa lilikauka. Sahara ilikuwa na mamba, viboko na wavuvi. Hoja yake ina hatua moja tu inayohitaji kuchunguzwa, pale anapotoka kwenye "zamani tabianchi ilibadilika yenyewe" na kufika kwenye "basi hata leo inabadilika yenyewe". Hatua hiyo inapimika. Kila sababu ya asili ina namna yake ya kufanya kazi na kasi yake, na ikipita huacha alama kwenye matope, barafu, mawe au hewa. Tunachukua sababu moja baada ya nyingine na kuangalia kama alama zake zipo leo.

Nianze na ziwa lenu. Victoria ni pana mno, zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini ni la kina kifupi: pale panapozama kuliko pote ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika inapita mita 1,400. Watafiti walizamisha mabomba marefu kwenye sakafu yake wakavuta juu miche ya matope, yaani vipande virefu vya mviringo vinavyotoka na tabaka zake zote kwa mpangilio, la juu likiwa changa na la chini likiwa kongwe. Juu walikuta matope laini meusi, yaliyojaa mabaki ya mwani. Chini yake, ghafla, wakagonga tabaka gumu: udongo uliowahi kukauka juani, wenye mizizi ya nyasi. Mawimbi ya sauti yaliyopigwa kutoka juu ya maji yakaonyesha kwamba tabaka hilo limeenea chini ya ziwa hata katikati yake. Umri ulipopimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayooza kwa kasi inayojulikana, jibu likawa ni kati ya miaka kama 17,000 na 15,000 iliyopita. Mahali panapopita meli za Mwanza na Bukoba palikuwa na mbuga. Wataalamu wa samaki bado wanajadiliana kama vidimbwi vichache vilisalia hapa na pale, kwa sababu mamia ya aina za furu waliomo humo wanaonekana kuwa wametokana na ukoo uliotawanyika baada tu ya maji kurudi.

Kwa nini lilikauka? Sababu ilitoka mbali sana. Wakati huo barafu kubwa iliyofunika Kanada na kaskazini ya Ulaya ilikuwa inabomoka, na vilima vya barafu vikamwagikia Atlantiki ya Kaskazini. Tunajua kwa kuwa vilibeba kokoto na changarawe kutoka nchi kavu, na vilipoyeyuka vikaziangusha kwenye sakafu ya bahari ya kina kirefu, mahali ambapo kokoto haiwezi kufika kwa njia nyingine. Maji baridi yasiyo na chumvi yakatanda juu ya bahari, mkondo mkubwa unaopeleka joto kaskazini ukadhoofika, na mvua za Afrika na za Asia ya kusini zikakatika kwa pamoja. Ziwa ambalo sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja halikuwa na namna ya kustahimili.

Hapo mwanafunzi wako amekwisha kupata nusu ya jibu la "nani aliandika". Hakuna mtu aliyeandika. Matope yaliandika. Na matope si shahidi wa pekee.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake, na ni masikitiko yangu kwamba haumo katika masomo ya watoto wengi. Katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani kule Unguja, waakiolojia wamefukua mifupa ya punda milia, nyati na kuro. Punda milia haogelei kutoka Bagamoyo. Alifika kwa miguu, kwa sababu katika enzi ya barafu maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu za nchi kavu, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 120 kuliko leo. Mkondo wa Zanzibar, yaani bahari iliyo kati ya Unguja na bara, ulikuwa nchi kavu. Pemba ndiyo iliyobaki kisiwa, kwa kuwa mfereji unaoitenga na bara ni wa kina kirefu sana.

Malindi kuna shahidi mwingine, wa karibu zaidi nasi. Matumbawe hukua na kuweka tabaka kila mwaka, na ndani ya kila tabaka uwiano wa aina mbili za oksijeni, nyepesi na nzito, hubadilika kufuatana na joto la maji. Tumbawe moja la Malindi lilitoboliwa likatoa kumbukumbu ya miaka 194 mfululizo, iliyochapishwa mwaka 2000. Ndani yake yanaonekana mapigo ya El Nino ya Pasifiki, mwaka baada ya mwaka, na juu ya mapigo hayo kuna jambo jingine: maji ya bahari yamepata joto kwa hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzo wa miaka ya 1800. Hakuna serikali wala ofisi ya hali ya hewa iliyohusika na kumbukumbu hiyo, na namwamini tumbawe kwa sababu hiyo hiyo.

Ziwa Naivasha la Kenya ni hadithi nzito zaidi. Matope ya pale, yaliyosomwa kwa mabaki ya mwani na ya wadudu wadogo wanaopenda maji ya chumvi au maji baridi, yanaeleza miaka 1,100 iliyopita. Kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi nchi ilikuwa kavu kuliko leo. Kisha ikaja karne nyingi zenye maji mengi, zikikatwa na vipindi vitatu vya ukame: 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840. Watafiti walipoweka miaka hiyo kando ya masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki, yale ya njaa, kuhama na tawala kuanguka, waliona vinalingana. Ukame wa miaka 65! Hatujaona kitu cha namna hiyo tangu vipimo vya mvua vilipoanza kuwekwa katika nchi zetu. Kwa hiyo sipendi vitabu vinavyofundisha kana kwamba tabianchi ilikaa tuli hadi viwanda vilipokuja. Ni uongo wa kurahisisha mambo, na kijana mwerevu akiugundua huacha kuamini na yale ya kweli.

Sasa tuzichukue sababu zenyewe.

Iliyo kubwa katika hesabu ya maelfu ya miaka ni mwendo wa dunia. Njia ya dunia kuzunguka jua hurefuka kidogo na kurudi kukaribia duara, kwa mzunguko wa miaka kama 100,000. Mhimili wake, ambao leo umelala nyuzi 23.4, huinuka na kulala kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 kila miaka 41,000 hivi. Tena dunia huyumba kama pia ya watoto inayoanza kuchoka, na kuyumba huko hubadilisha ni mwezi gani tunakuwa karibu zaidi na jua, kwa mzunguko wa miaka kama 23,000. Mserbia Milutin Milanković alizikokotoa hesabu hizi kwa mkono na kuzikamilisha mwaka 1941. Alifariki mwaka 1958 kabla ya kuona ushahidi wake. Ushahidi ulikuja mwaka 1976, watafiti Hays, Imbrie na Shackleton walipochambua matope ya kusini mwa Bahari ya Hindi na kukuta humo mapigo yale yale yaliyotabiriwa.

Leo tunakuwa karibu na jua mwanzoni mwa Januari. Miaka kama 10,000 iliyopita ukaribu huo ulikuwa katikati ya mwaka, wakati kaskazini ya dunia iko kwenye kiangazi chake. Ardhi ya Afrika Kaskazini ikapata jua kali zaidi kwa asilimia kama 7 katika miezi hiyo, hewa ikapaa, na pepo zenye unyevu za bahari zikavutwa ndani zaidi ya bara kuliko zinavyofika sasa. Hapo ndipo ilipo Sahara ya mwanafunzi wako. Ziwa Chad lilikuwa bahari ya ndani, kubwa mara nyingi kuliko leo. Katika milima ya Tassili, Algeria, watu walichora wanyama wa mbugani na makundi ya ng'ombe kwenye miamba ambayo leo haina hata kichaka. Huku kwetu, Ziwa Turkana lilikuwa juu ya kiwango cha sasa kwa karibu mita 100, likafurika na kumwaga maji kuelekea Nile. Kandokando ya fukwe zile za kale zimeokotwa chusa za mfupa za wavuvi. Na mashahidi wengine wa mafuriko hayo wanaogelea bado: sangara wa Turkana ni wa asili, wala hawakuletwa na mtu kama walivyoletwa Victoria katika miaka ya 1950. Ziwa Turkana leo halina mlango wa kutokea, lakini samaki wake ni wa Nile.

Kisha kuyumba kukaendelea, jua la kiangazi cha kaskazini likapungua, na miaka kama 5,500 iliyopita Sahara ikawa imeanza kurudi jangwa. Katika tabaka za matope ya Atlantiki mbele ya Mauritania, vumbi la jangwa linaongezeka ghafla wakati huo huo.

Sasa mwombe kijana apige hesabu. Sababu hii ni kubwa mno lakini ni ya polepole: inahesabiwa kwa maelfu ya miaka. Ndani ya miaka 150 mhimili hausogei kiasi cha kuhisiwa. Na kuna jambo linalomaliza ubishi: kwa miaka elfu kadhaa iliyopita mwendo wa dunia umekuwa ukisukuma kaskazini kuelekea ubaridi kidogo kidogo. Kama ungekuwa ndio usukani wa leo, tungekuwa tunapoa.

Kwenye mada hii ya enzi za barafu utakutana na hoja nyingine, na ni vizuri uwe nayo mkononi. Wapo wanaosema kwamba katika barafu ya Antaktika joto lilianza kupanda kwanza, hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi inayonasa joto) ikafuata, kwa hiyo hewa ukaa haisababishi chochote. Barafu ile ina viputo vya hewa ya zamani vilivyofungwa humo theluji ilipogandamana, na miche yake inarudi nyuma miaka 800,000. Ni kweli kwamba mwendo wa dunia ndio uliowasha moto. Lakini peke yake unabadilisha kidogo sana jumla ya joto la jua linaloifikia dunia; unachofanya hasa ni kuligawa upya kati ya misimu na kati ya kusini na kaskazini. Bahari ilipoanza kupata joto ikaachia hewa ukaa, na hewa hiyo ikaongeza joto dunia nzima, kusini na kaskazini pamoja. Ukiiondoa hewa ukaa kwenye hesabu, huwezi kuelezea kwa nini dunia yote ilipanda nyuzi 5 au zaidi tangu kilele cha enzi ya barafu, wala kwa nini misitu ya milima yetu, ambayo chavua yake imehifadhiwa kwenye matope ya maziwa madogo ya Mlima Kenya, ilikuwa imeshuka kwa mamia ya mita nyakati zile za baridi ikapanda tena. Hewa ukaa inaweza kuwa mfuasi na inaweza kuwa kiongozi, kutegemea imetoka wapi.

Jua lenyewe halitachukua muda. Nguvu yake hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama 11, na tofauti ni asilimia 0.1 hivi. Kati ya 1645 na 1715 madoa ya jua karibu yatoweke, na kipindi hicho kiliangukia katika karne za baridi za Ulaya. Tangu mwaka 1978 setilaiti zinalipima moja kwa moja, na hazioni nguvu yake ikipanda. Joto la dunia limepanda wakati huo huo.

Volkano ina tabia mbili, na watu huzichanganya. Mlipuko mkubwa hurusha gesi ya salfa juu sana, zaidi ya mahali mawingu ya mvua yanapofika, ikageuka kuwa matone madogo yanayorudisha mwanga wa jua angani. Tambora ya Indonesia ililipuka Aprili 1815, na mwaka 1816 mazao yakagandishwa na baridi Ulaya na Amerika ya Kaskazini katikati ya kiangazi. Pinatubo ya Ufilipino, Juni 1991, iliipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi. Lakini matone yale huanguka baada ya mwaka mmoja au miwili hivi, na joto hurudi. Kwa hiyo volkano ya namna hii hupoza, tena kwa muda mfupi. Ukiulizwa kuhusu Nyiragongo au Ol Doinyo Lengai, jibu ni kwamba moshi wao kwa kawaida haufiki juu kiasi hicho.

Tabia ya pili ni hewa ukaa. Volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, hutoa kwa mwaka chini ya asilimia 1 ya ile inayotokana na sisi kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hiyo ndiyo namba ya kuandika ubaoni.

Halafu kuna bahari, na hii inawahusu moja kwa moja watu wa Musoma. Vuli ya 1961 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi, upande wetu, yalipata joto kupita kawaida, na ya upande wa Indonesia yakapoa. Mvua ikanyesha bila kukata. Kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2, likameza magati na mashamba, na wazee wa mwambao bado wanasimulia. Vuli ya 2019 hali kama hiyo ilirudi, na kufikia Mei 2020 ziwa lilifika tena kwenye kimo cha 1964. Mtikisiko huu wa bahari ni wa asili na ni wa kale. Huhamisha joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kinachoshindikana ni kuuhusisha na ongezeko la joto la dunia nzima, kwa sababu bahari ingekuwa inatoa joto lake kuipa hewa, ingekuwa yenyewe inapoa. Vipimo vinaonyesha bahari zote kuu zikipata joto, hadi mamia ya mita chini.

Imebaki sababu ya polepole kuliko zote: mabara kusogea, milima kuinuka, miamba kumeza hewa ukaa kwa mamilioni ya miaka. Ningeipita haraka, isipokuwa ushahidi wake mmoja mzuri kuliko yote duniani umetoka Tanzania, na sijui kwa nini hatujivunii. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi uliwahi kuwa sakafu ya bahari. Ndani yake mna maganda ya viumbe wadogo wa baharini, hawazidi chembe ya mchanga, na udongo ule umeyakinga maji yasipenye hata yamebaki kama kioo kwa zaidi ya miaka milioni 30. Wanasayansi wa Uingereza wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, walitoboa visima vifupi katika maeneo hayo. Maganda ya Stakishari, wilayani Kilwa, yalitumika kukadiria hewa ukaa wakati Antaktika inaanza kufunikwa na barafu, miaka kama milioni 33.7 iliyopita, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009: hewa ukaa ilishuka, na barafu ikajengeka. Visima vingine vya ukanda huo viliifikia miaka milioni 56 iliyopita, wakati kaboni nyingi ilipomwagika hewani kwa njia ya asili, dunia ikapata joto kwa nyuzi 5 hivi, viumbe wengi wa sakafu ya bahari wakafa, na ikachukua zaidi ya miaka 100,000 kaboni hiyo kunywewa tena na bahari na miamba.

Nakaa kwenye jambo hili kwa makusudi. Kijana anadhani kwamba historia ya kale inaitetea hewa ukaa. Historia ya kale ndiyo inayoishtaki. Kila ilipopanda sana, iwe imeletwa na nini, dunia ilipata joto.

Leo imepanda kwa kiasi gani? Katika miaka 800,000 ya barafu ya Antaktika, hewa ukaa ilicheza kati ya sehemu 180 na 300 hivi kwa kila milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa 280. Vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilipoanza mwaka 1958 vilisoma 315. Sasa imepita 420. Dunia ilipotoka kwenye enzi ya barafu ilichukua maelfu ya miaka kuongeza sehemu kama 80. Sisi tumeongeza zaidi ya 100 tangu 1958.

Na tunajua ni yetu, kwa sababu kaboni ina kitambulisho. Kaboni-14, ile ile inayotupa umri wa matope ya ziwa, huoza kwa nusu kila miaka 5,730. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo hayana hata chembe yake. Yakichomwa, yanaizimua kaboni-14 ya angani. Tena mimea hupendelea kaboni nyepesi, kaboni-12, na mafuta yametokana na viumbe vya kale, hivyo moshi wake una upungufu wa kaboni-13. Hewa ya leo ina upungufu huo huo, unaongezeka mwaka hadi mwaka. Kaboni ya volkano haina alama hiyo. Oksijeni ya angani nayo inapungua kidogo kidogo, kama inavyopaswa kitu kinapoungua. Kaboni ikitoka baharini au mdomoni mwa volkano haipunguzi oksijeni hivyo.

Joto lenyewe pia lina alama. Jua lingekuwa ndilo linaloongeza moto, tabaka za juu za anga zingepata joto pamoja na za chini. Setilaiti na maputo ya vipimo vinaonyesha tabaka la chini likipata joto na lile la juu zaidi likipoa, kama inavyotarajiwa gesi zinaponasa joto karibu na ardhi. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya 2021, lilipiga hesabu ya sababu zote kwa pamoja: dunia ilikuwa imepata joto kwa nyuzi 1.1 hivi tangu nusu ya pili ya miaka ya 1800, mchango wa binadamu ukakadiriwa kuwa karibu kiasi hicho hicho, na jua na volkano kwa pamoja kati ya kupunguza 0.1 na kuongeza 0.1.

Nikushauri jambo moja la darasani. Usiutumie Mlima Kilimanjaro kama mfano wako wa kwanza. Barafu yake imepungua kwa karibu asilimia 80 kati ya 1912 na 2000, na miche iliyotobolewa mwaka 2000 na kundi la Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilikadiriwa kufika miaka 11,700, ingawa wengine wamelibishia kadirio hilo. Lakini pale juu hewa ni baridi sana, na sehemu kubwa ya barafu hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Ukavu ulioanza Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1800 una sehemu kubwa katika kisa hicho. Mwanafunzi mjuzi akilileta hilo, atakushinda. Chukua Tanganyika. Matope yake yanaeleza joto la maji ya juu kwa miaka 1,500, na ongezeko la karne iliyopita halina mfano katika kipindi chote hicho. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini yenye rutuba, mwani unapungua, na anayekula mwani ndiye chakula cha dagaa wa Kigoma.

Kuhusu swali lako mwenyewe, Mwalimu. Ziwa Victoria linaweza kukauka tena, kwa maana kwamba lolote lililowahi kutokea linawezekana, na ziwa la kina kifupi linaloishi kwa mvua halina akiba. Kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayolinyeshea. Mito, Kagera ikiwemo, huleta kilichobaki. Ukame wa aina ya Naivasha, wa miongo sita, ungelishusha chini ya mlango wake wa Jinja muda mrefu kabla ya kulikausha, na hapo Nile Nyeupe ingekosa maji ya kutoka kwenu, na mabwawa ya umeme ya Uganda pamoja nayo. Kulikausha kabisa kulihitaji mvua zikatike kwa karne nyingi, na hilo lilitokea wakati barafu ya kaskazini ilipomwagikia Atlantiki.

Barafu ya namna ile haipo tena Kanada. Ipo ya Greenland, inayeyuka, na ripoti ya 2021 inasema mkondo ule ule wa Atlantiki una uwezekano mkubwa sana wa kudhoofika katika karne hii, ingawa haitarajii usimame ghafla kabla ya 2100. Hiyo ndiyo sehemu ya swali lako ninayoifuatilia kwa karibu kuliko zote. Mpe kijana wako, kama anataka kazi ya kufanya akimaliza shule. Matope ya chini ya Victoria yametobolewa sehemu chache tu, na wengi waliotoboa walisafiri kutoka ng'ambo.